Naimba kwaya lakini ndani pamekauka: je, mimi ni mnafiki?

Swali: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Nina miaka 36, kazi yangu ni uhasibu. Nimezaliwa katika nyumba ya Kikristo, nikabatizwa, nikaanza kuimba kwaya nikiwa mdogo, na mpaka leo naimba. Lakini karibu mwaka mzima sasa nikisali ni kama naongea na ukuta. Nikifungua Biblia nasinzia. Jumapili naimba, ibada ikiisha natoka kabla ya salamu. Kazini naombwa kusaini hesabu ambazo najua haziko sawa, na mara moja nilisaini. Kwenye simu nasoma shuhuda za wenzangu, naona kwao moto hauzimi. Juzi nimesoma Ufunuo 3:16, kwamba Bwana atamtapika aliye vuguvugu, nikajiona mimi. Je, imani hii ni yangu au ni ya mama yangu? Je, mimi ni mnafiki? Niache kwaya mpaka nitakapokuwa sawa?

Jibu: Amina, dada yangu. Swali lako nimelisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale ulipopita haraka haraka: "na mara moja nilisaini." Tutafika hapo. Kwanza tuiondoe njiani hofu ya Laodikia, kanisa lililoandikiwa mstari huo wa Ufunuo, maana mtu aliyeshikwa na hofu humwambii kitu akasikia.

Umesoma mstari wa 16 ukaishia hapo. Wengi huishia hapo, na wahubiri ndio tuliowafundisha. Soma wa 17. Bwana anaeleza mwenyewe kwa nini kanisa lile linamtia kichefuchefu: "Kwa kuwa wasema, Mimi ni tajiri, nimejitajirisha, wala sina haja ya kitu." Laodikia ulikuwa mji wa fedha. Mwaka 60 B.K. ulibomolewa na tetemeko la ardhi, na mwanahistoria wa Kirumi Tacitus anaandika kwamba wenyeji waliujenga upya kwa mali yao wenyewe, bila msaada wa Roma. Watu wa namna hiyo hata wakiingia kanisani huingia na kiburi chao cha kujitosheleza. Uvuguvugu unaokemewa pale ni wa mtu aliyeshiba, asiyejua kwamba ana njaa. Wewe umeniandikia kwa sababu ya njaa. Tena, ile sauti ya "Tazama, nasimama mlangoni, nabisha," ambayo huwa tunawasomea watu wasioamini, aliambiwa nani? Waliambiwa hao hao Walaodikia, mistari minne tu baada ya kutishiwa kutapikwa. Kwa hiyo hata ungekuwa mmoja wao, mlangoni pako yuko mtu.

Sasa turudi kwenye neno lenyewe, imani, kwa sababu naona umelipima kwa kipimo kisicho chake. Umelipima kwa joto. Lugha yetu imetupa bahati ambayo wasemaji wa lugha nyingi hawana: imani, amini, uaminifu, amana, hata amani, yote ni maneno ya ukoo mmoja, yametujia kutoka Kiarabu na mzizi wake ni ule ule. "Amina" unayoitamka mwisho wa kila sala imetoka kwenye Kiebrania, lakini mzizi huo huo wa Kisemiti, ukoo wa lugha wenye Kiarabu na Kiebrania, ndio unaoibeba. Na wazo lililomo ndani ya mzizi huo ni uthabiti, kitu unachoweza kukiegemea kisikuangushe. Joto la moyoni halimo humo.

Kuna mahali napapenda sana katika Kutoka 17. Israeli wanapigana na Amaleki, na Musa yuko kilimani ameinua mikono. Mikono inachoka. Haruni na Huri wanamkalisha juu ya jiwe, wanaishika mikono yake, mmoja huku na mmoja huku, na Biblia inasema mikono yake "ikathibitika" hata jua lilipokuchwa. Neno la Kiebrania lililotumika hapo ni *emuna*, lile lile tunalolisoma kama imani katika Habakuki 2:4, "mwenye haki ataishi kwa imani yake", mstari ambao Paulo aliuchukua akaujengea barua yake kwa Warumi. Kwa hiyo picha ya kwanza ya *emuna* katika safari ya Israeli jangwani ni mzee aliyechoka, mikono inatetemeka, na watu wawili wamemshika. Ukisoma habari ile hutaambiwa Musa alijisikiaje. Utaambiwa tu kwamba mikono ilikuwa bado juu jua lilipozama.

Habakuki naye, kabla ya kuandikiwa mstari huo mashuhuri, alifungua kitabu chake kwa malalamiko: amelia hata lini, na Mungu hasikii. Ni malalamiko yako, dada yangu, isipokuwa yeye hakuyaita unafiki. Aliyapeleka kwa anayehusika.

Na hilo linanipeleka kwenye sala inayogonga ukuta.

Mimi nimekuwa mchungaji kwa zaidi ya miaka 20, na nimefundisha maisha ya kiroho kwa muda unaokaribia huo. Naweza kukwambia kwamba karibu kila mtu anayesali kwa miaka mingi hufika mahali hapo. Baada ya kufiwa na baba yangu nilikaa miezi mingi nikiwaombea wagonjwa kwa maneno yanayotoka mdomoni tu, nikirudi nyumbani nashindwa kusema hata "Baba yetu". Mzee mmoja, aliyekuwa amestaafu uchungaji, nilipomweleza hakunihubiria. Aliniuliza kama nalala. Nilitaka jibu la kiroho, akanipa la mwili, na nilimkasirikia kidogo. Baadaye nikakumbuka 1 Wafalme 19: Eliya amelala chini ya mretemu anaomba kufa, na malaika anayekuja hana hata neno moja la mahubiri. Anamgusa, anampa mkate na maji, anamwacha alale tena, kisha anamwamsha ale mara ya pili. Sauti ya utulivu inakuja baadaye sana, baada ya siku 40 za safari.

Kwa hiyo nami nakuuliza: unalala? Unakula? Je, ukavu huu uko kwenye sala peke yake, au hata mambo mengine uliyoyapenda yamepoteza ladha? Ikiwa ni mambo yote, ikiwa unaamka umechoka, huna hamu na chochote na hali hiyo imezidi wiki mbili, muone daktari. Sonona ni ugonjwa, na kuna dawa zake na ushauri wake. Kumwambia mgonjwa wa sonona afunge na kukesha zaidi ni kumwongezea mzigo aliyekwisha kuanguka, na nimeona madhara yake.

Ikiwa ni sala peke yake, hapo tuko kwenye njia iliyokanyagwa na wengi. Katika karne ya 4, huko kwenye majangwa ya Misri, mtawa aitwaye Evagrius aliyefariki mwaka 399 alieleza kwa undani hali waliyoiita kwa Kigiriki *akedia*. Anasema huja hasa kuelekea adhuhuri. Mtawa hutazama jua akaona halisogei, hutoka nje ya chumba kuangalia kama kuna ndugu yeyote anayekuja kumtembelea, huanza kuchukia mahali alipo, huwaza kwamba mahali pengine angemwona Mungu kwa urahisi zaidi. (Nikisoma hayo huwa namwona mtu anayechungulia simu yake mara ya kumi ndani ya saa moja. Jangwa limebadilika, pepo ni yule yule.) Dawa yao ilikuwa fupi hadi inaudhi: usitoke chumbani. Fanya kazi ndogo iliyo mbele yako, sema sala fupi, ngoja.

Na usidhani ni watu dhaifu tu wanaopitia. Mama Teresa wa Kolkata alifariki mwaka 1997. Miaka 10 baadaye barua zake za siri zilipochapishwa, ulimwengu ukashangaa kukuta kwamba kwa miongo kadhaa, wakati anaokota wanaokufa barabarani, moyoni hakuhisi uwepo wa Mungu. Wapo waliosema basi alikuwa anaigiza. Mimi nasema wamesoma barua wakasahau kuangalia mikono.

Sasa, usali vipi? Acha kwanza kujaribu kuzalisha hisia. Sala ya kujitekenya ili ucheke huchosha kuliko kunyamaza. Chukua Zaburi, moja asubuhi na moja usiku, uzisome kwa sauti ya kusikika masikioni mwako. Katika zaburi 150, za maombolezo ni nyingi kuliko za aina nyingine yoyote, na zimewekwa humo kwa ajili ya siku ambazo huna maneno yako. Ukiazima maneno hutakuwa mnafiki. Yesu mwenyewe msalabani aliazima zaburi ya 22. Wakristo wa mwanzo kabisa, kama linavyoeleza andiko lao liitwalo Didake, walielekezwa kusali Sala ya Bwana mara tatu kwa siku. Haikusemwa "mkijisikia". Kama dakika kumi ni nyingi, anza na tatu, ila ziwe kila siku, na mahali pale pale. Yesu alisema uingie chumba cha ndani ufunge mlango, na Baba yako "aonaye sirini atakujazi". Hakusema ni lini.

Usiku kabla ya kulala jiulize mambo mawili tu: leo ni wapi nilitendewa wema ambao sikuustahili, na ni wapi nilimkosea mtu? Taja watu kwa majina. Waliofuata njia ya Ignatius wa Loyola tangu karne ya 16 wamefanya jambo la namna hiyo kila siku, na uzuri wake ni kwamba linamtafuta Mungu ndani ya siku uliyokwisha kuiishi, badala ya kumsubiri kwenye siku ambayo ungetamani iwe. Na zile nyakati ambazo huwezi hata hayo, kaa kimya ukikumbuka Warumi 8:26, kwamba Roho mwenyewe "hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa". Maana yake kuna sala inayoendelea ndani yako ambayo si kazi yako.

Haya. Tuje kwenye saini.

Nataka nikuulize jambo ambalo pengine hujalifikiria: ukavu ulianza kabla ya kusaini au baada? Hujaniambia, na mimi si mchawi. Lakini nimewaona watu wa kutosha waliokuja kulalamika kwamba Mungu amenyamaza, kumbe kuna jambo moja dogo ambalo Mungu amelisema waziwazi nao wamelifunga kwenye droo. Haiwi hivyo kila mara. Marafiki wa Ayubu walidhani ni kila mara, wakakemewa. Basi lichunguze bila kujihukumu kabla ya wakati.

Yohana Mbatizaji alipohubiri toba, watu walimjia na swali la vitendo: tufanye nini? Luka 3 inatupa majibu yake, na mimi hushangaa kila nikiyasoma. Watoza ushuru hakuwaambia waache kazi wamfuate jangwani wakale nzige. Aliwaambia, "Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa." Askari akawaambia wasidhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, watoshewe na mshahara wao. Kila mmoja alipewa toba inayolingana na kazi yake, pale pale kishawishi chake kilipo. Angekujia wewe mhasibu angekwambia nini? Unajua. Ndiyo maana uliipita haraka ile sentensi.

Kuna ushahidi mwingine, na huu umetoka kwa mtu asiyetupenda. Kama mwaka 112, Plinio, mtawala wa Kirumi katika jimbo la Bithinia na Ponto, alimwandikia Kaisari Trajani kumuuliza awafanyeje Wakristo. Alikuwa amewahoji, wengine kwa mateso, akitafuta uhalifu wao. Alichokuta ni kwamba hukutana siku maalumu kabla ya mapambazuko, humwimbia Kristo kama mungu, kisha hujifunga kwa kiapo. Kiapo cha kufanya nini? Wasiibe, wasinyang'anye, wasizini, wasivunje ahadi, wala wasikane amana wanapodaiwa. Amana! Mtu anaweka fedha zake kwako kwa sababu hakuna benki ya kuitegemea, hakuna shahidi, na siku akizihitaji unazo. Mbele ya Mrumi aliyekuwa anatafuta sababu ya kuwaua, imani ya watu hawa ilijulikana kwa mambo mawili, kuimba na kutunza amana. Dada yangu, kuimba unako.

Hesabu za kampuni ni amana. Kuna watu ambao hutawaona kamwe, watakaokopesha, watakaolipwa au kukosa kulipwa kwa sababu ya tarakimu zilizo juu ya saini yako. Ndiyo maana nasema hapa ndipo imani yako binafsi ilipo zaidi kuliko kwenye kusinzia juu ya Biblia. Kusinzia ni uchovu, na hakumdhuru mtu.

Nisije nikakufanya uone ni jambo la kurukia, nikuongezee habari ya Naamani. Huyu jemadari wa Shamu aliponywa ukoma, akaapa kutomwabudu tena mungu mwingine, kisha akamwomba Elisha radhi mapema: bwana wake akiingia nyumba ya Rimoni kuabudu, yeye humshika mkono, na itamlazimu kuinama naye. Ungetegemea nabii awake. Elisha alimjibu, "Enenda kwa amani." Nimekaa na jibu hilo miaka mingi. Naona linatufundisha kwamba kuna kuinama kwa kazi, ambako unamshika mkono mzee asianguke, na moyo wako unajulikana uko wapi. Kuhudhuria hafla usiyoipenda, kumtii bosi asiye na adabu, kufanya kazi katika ofisi ambayo wenzako hawana habari na Mungu wako, hayo ni ya Naamani, usijitese nayo. Kusaini uongo unaoumiza watu wengine ni kitu kingine. Pale hushiki mkono wa mtu, unaingiza mkono kwenye mfuko wa mtu.

Ufanyeje basi? Cha kwanza, saini ya pili isiwepo. Jifunze kwa Danieli sura ya 1: aliamua moyoni, lakini alipokwenda kwa mkuu wake hakwenda kwa kishindo. Aliomba. Alipokataliwa aligeukia msimamizi, akapendekeza jaribio la siku kumi, jambo ambalo mwenzake angeweza kulikubali bila kupoteza kichwa chake. Nawe unaweza kusema, "Siwezi kusaini bila vielelezo, nipeni hati za malipo nami nitaimaliza leo hii," na uliseme kwa maandishi, kwa heshima. Mara nyingi mtu anayeomba uongo hupoa akiona karatasi. Cha pili, ile ya kwanza. Kabla hujaifungua kwa yeyote ofisini, pata ushauri wa mwanasheria au wa mtu mzoefu katika taaluma yako, kwa sababu kuna njia sahihi ya kurekebisha hesabu na kuna njia ya kujitosa kisimani. Kwa Mungu iungame leo. Kwa wanadamu irekebishe kwa hekima, ila irekebishe. Zakayo hakuishia kulia. Alitaja kiwango, mara nne, na Yesu akasema wokovu umefika nyumba ile.

Sitakudanganya kwamba ukifanya hivyo Mungu atakupa kazi nzuri zaidi mwezi ujao. Huwa nawasikia wahubiri wakiahidi hayo na nashangaa wamesoma Danieli ipi. Wale vijana watatu mbele ya tanuru walisema Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza, "Bali kama si hivyo." Maneno hayo manne yamebeba imani nyingi kuliko shuhuda nyingi nilizosikia. Unaweza kuchukiwa, kuhamishwa, hata kupoteza kazi. Kwa hiyo anza sasa kuweka akiba kidogo, na mweleze mtu mmoja unayemwamini kinachoendelea, ili siku ikifika usiwe peke yako.

Kuhusu mama yako nitakuwa mfupi, kwa sababu Paulo amekwisha kulijibu. Anamwandikia Timotheo, kijana mwenye majukumu makubwa na tumbo lenye matatizo: naikumbuka "imani uliyo nayo isiyo na unafiki", ambayo ilikaa kwanza katika bibi yako Loisi, na katika mama yako Eunike. Tazama jinsi maswali yako mawili yalivyokutana katika mstari mmoja wa 2 Timotheo 1:5. Imani ya Timotheo ilitoka kwa bibi na mama, na bado ilikuwa yake, na haikuwa na unafiki. Mistari tisa mbele anaambiwa, "Ilinde ile amana nzuri." Ndiyo, neno ni hilo tena, na nadhani watafsiri wetu walilichagua vema. Mtoto aliyerithi shamba haulizwi kama alilinunua. Analima au halimi? Siku utakapokataa saini ambayo mama yako hataijua wala hatakusifia, utapata jibu la swali lako.

Na unafiki? Neno la Kigiriki alilotumia Yesu lilikuwa la mwigizaji wa jukwaani. Mwigizaji anataka watazamaji. Wewe unatoka kanisani kabla ya salamu ili usitazamwe. Hiyo ni aibu, na aibu ina dawa nyingine: watu.

Hapa nitakusisitizia kidogo. Kutoka haraka baada ya ibada kunakuumiza kuliko unavyodhani. Marko 2 inasimulia wanaume wanne waliombeba mwenye kupooza, wakatoboa dari wakamteremsha. Imeandikwa Yesu "alipoiona imani yao". Yao! Yule aliyelala kitandani hatujui alikuwa na imani kiasi gani. Huenda alikuwa anawaambia wamrudishe nyumbani. Kuna majira ambayo kazi yako ni kubebwa, na huwezi kubebwa na watu unaowakimbia. Haruni na Huri hawakumshika Musa kwa mbali. Basi Jumapili ijayo kaa dakika tano. Usitangaze matatizo yako kwa kila mtu, makanisa yetu yana masikio mengi, tafuta watu wawili wenye umri na kifua, waambie, "Siwezi kusali siku hizi, niombeeni." Utashangaa ni wangapi watakwambia nao walipita hapo.

Za simu sitaki kuzimalizia muda. Ushuhuda ni kitu kizuri, Biblia imejaa shuhuda. Lakini mtu huandika siku bahari ilipogawanyika, haandiki ile miaka 40 ya mana ile ile asubuhi na asubuhi. Unalinganisha jikoni kwako na sebuleni kwa mwenzako. Zima kwa mwezi mmoja uone.

Sasa kwaya. Hapana, usiache.

Fungua Zaburi ya 88. Ndiyo zaburi yenye giza kuliko zote. Karibu zaburi nyingine zote za maombolezo, hata ile ya 13 inayouliza "hata lini", mwishoni hugeuka kuwa sifa. Hii haigeuki. Mwombaji amelia mchana na usiku, anauliza kwa nini Mungu anamficha uso wake, rafiki zake wametengwa naye, na zaburi inamalizikia gizani, kimya. Ni ukuta wako kabisa. Lakini usianzie mstari wa kwanza, rudi juu kwenye kichwa chake, yale maandishi madogo tunayoyaruka. Imeandikwa kwamba ni ya wana wa Kora, ni ya mwimbishaji, na mtunzi wake anaitwa Hemani. Wana wa Kora walikuwa waimbaji wa hekalu. Na 1 Nyakati 6, ikiwataja wale Daudi aliowaweka juu ya uimbaji katika nyumba ya Bwana, jina la kwanza ni Hemani, mwimbaji.